Unga wa mfupa wa kutengenezwa haugeuki kuwa taya

Baadhi ya wafugaji wa mbwa na paka huamini kwamba taya likibaki na pengo, labda baada ya ajali au kukatwa uvimbe, daktari hulijaza kwa unga wa mfupa wa kutengenezwa, nao hukauka na kuwa mfupa kamili. Dhana hiyo inaeleweka: kwenye picha ya eksirei pengo huonekana limejaa weupe siku ileile ya upasuaji.

Weupe ule ni madini tu. Vifaa vingi vya aina hii ni chumvi za kalsiamu na fosfeti zenye vitundu vidogo, na kazi yake ni ile ya jukwaa la waashi: mishipa ya damu na seli za mnyama mwenyewe huingia humo na kujenga mfupa. Aina moja ya chumvi hizo, trikalsiamu fosfeti, huyeyuka taratibu mfupa unapoingia; nyingine, haidroksiapatiti, huweza kukaa miaka. Usaha, damu haba au taya linalochezacheza huharibu kazi hata ya unga wa bei ghali, kwa hiyo taya lililovunjika hufungwa kwanza, kwa mfano kwa bamba na skrubu. Pengo likiwa kubwa mno, unga peke yake kwa kawaida hautoshi.

Kukagua si kazi ngumu. Muulize daktari jina la kifaa na kama huyeyuka, kisha omba picha za miezi tofauti uzilinganishe. Chembe za unga zikionekana bado zimejitenga, hasa penye ukingo wa mfupa, ujenzi haujakamilika.