Kidirisha cha Kulishia Samaki Hakitoshi Kuwa Mlango wa Kazi

Nimeletewa tena mchoro wa tangi kubwa la samaki linalojengewa ndani ya ukuta. Kioo ni kipana, fremu ni safi, na juu ya fremu kumeachwa kidirisha chenye kimo cha sentimita 15, ambacho mchoraji amekiandika kwa kujiamini kabisa kuwa ni "sehemu ya huduma." Nyuma ya ukuta hakuna chumba wala ujia, kwa hiyo kila kazi itafanyika kwa mbele kupitia hapo. Jambo hili nimelieleza kwa mdomo mpaka nimechoka, na sasa naliandika ili mwenye mchoro utakaofuata nimwelekeze hapa kabla zege halijamwagwa.

Imani inayonisumbua ni kwamba, ukiweza kupitisha mkono wenye chakula, basi umeweza kulihudumia tangi. Kulisha ndiyo kazi ndogo kuliko zote, na hata kifaa cha kujiendesha kinaweza kuifanya. Kazi zenyewe ni kukwangua mwani kwenye kona za chini, kunyonya uchafu mchangani, kuinua jiwe lililoanguka, kusafisha meno ya kisanduku cha kufurikia (kile kinachopokea maji ya juu ya tangi na kuyapeleka kwenye kichujio), kutoa pampu iliyokwama, na kumfukuza kwa nyavu mbili samaki mgonjwa ambaye hana nia yoyote ya kukamatwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanyika kwa kiganja peke yake.

Tuchukue tangi lenye urefu wa sentimita 240, upana wa sentimita 60 kutoka mbele hadi nyuma, na kimo cha sentimita 75. Uzito naupitia haraka kwa kuwa ndio jambo pekee ambalo kila mtu hulikumbuka: ujazo wake ni lita 1,080, yaani zaidi ya tani moja ya maji kabla hujahesabu kioo, mchanga, mawe na stendi. Mhandisi aipime sakafu, tuendelee.

Kinachosahaulika ni kwapa. Mkono wa mtu mzima, kutoka kwapani hadi ncha za vidole, una urefu wa sentimita 65 hadi 70 hivi. Tangi la kimo cha sentimita 75, likiwekwa mchanga wa sentimita tano, linamdai mtu mkono wote, kwapa likiwa limelala juu ya ukingo wa kioo. Sasa tuseme stendi ina kimo cha sentimita 90, kama wanavyopenda wanaotaka samaki wawe usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ukingo wa juu wa tangi utakuwa sentimita 165 kutoka sakafuni. Mtu mwenye kimo cha sentimita 170 ana kwapa kwenye sentimita 130 hivi, kwa hiyo atahitaji kusimama juu ya ngazi ya sentimita 35. Akishapanda, utosi wake uko sentimita 205, na kidevu chake kiko kidogo tu juu ya sentimita 180. Nacho kile kidirisha cha sentimita 15 kinaishia wapi kwa juu? Kwenye sentimita 180. Yaani mhudumu anasimama ngazini, shavu limebanwa kwenye lipu, macho yanatazama rangi ya ukuta, na vidole vinapapasa chini ya maji bila yeye kuona vinagusa nini. Namwomba kila anayekitetea kidirisha hicho asimame namna hiyo kwa dakika kumi, kisha turudi kwenye mazungumzo.

Na hapo nimehesabu kana kwamba tangi limegusa uso wa ukuta, jambo ambalo ni nadra. Ukuta wa tofali pamoja na lipu ya pande zote mbili huwa na unene wa sentimita 15 au zaidi, na tangi likisimama nyuma yake, unene wote huo unaliwa kutoka kwenye mkono kabla haujafika majini. Halafu ipo mikanda ya kioo inayogandishwa kuzunguka ukingo wa juu ili kuta za tangi zisibinuke kwa nje. Kila sentimita ya mkanda ni sentimita iliyopungua kwenye mdomo wa tangi. Kutoka ukingo wa mbele hadi kona ya chini ya nyuma ni sentimita 96 kwa mstari wa hanamu. Hakuna mkono wa kufika huko isipokuwa bega na kichwa viingie ndani ya ukuta, vivuke ukingo, ndipo mwili uiname. Koleo ndefu husaidia kung'oa jani, lakini haliinui jiwe la kilo nane.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: uwazi wa juu ya tangi usipungue kimo cha sentimita 45, na dari ikiruhusu, ulingane na kimo cha tangi lenyewe. Sababu ya sehemu ya pili ni vitu vinavyotoka kwa kwenda juu. Bomba la kufurikia la sentimita 70 haliwezi kuchomolewa wima penye uwazi wa sentimita 45, na mikanda ya kioo hairuhusu kulilaza vya kutosha. Ikiwa dari ni fupi, bomba likatwe na kuungwa katikati kwa unioni, yaani kiungo cha kufungua kwa mkono, au kimo cha tangi kipunguzwe hadi sentimita 60. Kushusha stendi humwondolea mhudumu ngazi, lakini hakuongezi urefu wa mkono hata kidogo. Watu huchanganya mambo haya mawili kila mara, na nusu ya ubishi ninaokutana nao huanzia hapo.

Yote haya huamuliwa na lenta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya tundu, na lenta huwekwa mara moja. Fundi aliyezoea madirisha huiweka moja kwa moja juu ya kioo, kwa kuwa kwake kioo ndicho dirisha. Katika ukuta unaobeba mzigo, kosa hilo halirekebishwi kwa nyundo: ile boriti ya zege iko mahali hasa palipotakiwa kupita kichwa. Tundu la kuhesabia lenta ni tangi pamoja na uwazi wa kazi, yaani 75 na 45, jumla sentimita 120, kwa upana unaozidi mita 2.4, na hesabu ya lenta ya upana huo ni ya mhandisi. Ukuta usikalie tangi kwa njia yoyote. Paachwe nafasi pande zote, na fremu ya mapambo ifungwe ukutani bila kugandishwa kwenye kioo. Fremu hiyo ifunguke pia kwa skrubu, kwa sababu silikoni, yaani gundi inayoshika vioo vya tangi, haidumu milele, na siku tangi litakapovuja litatoka kwa mbele au halitatoka kabisa.

Sasa mlango wenyewe. Wasanifu wengi huchora ubao mmoja wa urefu wote, wenye bawaba juu. Ubao wa plaiwudi wa milimita 18, wenye sentimita 240 kwa 45, una uzito wa kilo 12 hivi, nao uko juu ya shingo ya mtu aliye ngazini mwenye mikono yenye maji. Ukiwa na pistoni mbili za gesi unakaa vizuri zikiwa mpya, zikichoka, unashuka. Mlango wenye bawaba pembeni hauangukii mtu, lakini unaizuia ngazi isisogezwe. Mbao za kubandua kwa sumaku huonekana nadhifu sana mpaka mhudumu ajiulize aliyoibandua aiweke wapi. Mimi huugawa mlango vipande vitatu vyenye bawaba juu, kila kimoja na mkono wa chuma unaojifunga wenyewe, bawaba ziwe za chuma cha pua, hasa kwa maji ya chumvi, na nakiri kwamba mistari miwili ya maungio inaonekana. Msanifu hunung'unika. Hatakuwa yeye ngazini.

Jambo ambalo bado linanifanya nisite ni mpira wa kuziba kingo za mlango. Maji ya nyuzi joto 26 hutoa mvuke usiku na mchana, na mlango usiozibwa huutoa mvuke huo sebuleni pamoja na sauti ya maji na mistari myembamba ya mwanga inayokera usiku. Ukiuziba barabara, unyevu unabaki ndani, jipsamu inalainika, MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) inavimba, ukungu unaota chini ya lenta. Vitabu husema weka feni ya kutolea hewa kana kwamba neno limekwisha, lakini feni inahitaji tundu la kuingizia hewa, na tundu hilo linarudisha sauti na mwanga uleule. Kwa sasa naziba pande tatu na kuacha ukingo wa chini wazi, ukifichwa na mdomo wa fremu, feni ikivuta upande wa pili kwa juu. Ndani ya uwazi natumia bodi ya saruji badala ya jipsamu. Nimeona mpango huo ukifanya kazi vizuri, na nimeuona ukitoa matone darini wakati wa baridi.

Taa zisifungwe kwenye mlango, kwani ukiufungua zinakumulika machoni. Zisining'inizwe pia katikati ya uwazi, mahali pa kichwa. Ziwe kwenye reli zinazosukumwa hadi ukuta wa nyuma. Nyaya zote zishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme, na saketi iwe na swichi inayojikata umeme unapovuja.

Chini kwenye kabati, sampu, yaani tangi dogo la kuchujia maji, ipite katikati ya nguzo za stendi bila kubomolewa kitu; wengi huijenga stendi sampu ikiwa tayari ndani, kisha hushangaa. Kabla fundi hajafunga mbao za lenta, simamisha maboksi yenye vipimo vya tangi na uwazi, panda ngazi, na jaribu kuokota sarafu kwenye kona ya chini ya nyuma huku ukiitazama. Usipoifikia, ongeza kimo cha uwazi siku hiyohiyo.