Kijiji cha Marekani hakina bei za kijijini: dhana potofu kuhusu mshahara wa mwalimu South Dakota

"Mwalimu, mbona unanitisha? Si ni mashambani tu. Huko maisha si rahisi?"

Aliyeniuliza juzi ni mwalimu wa hisabati. Wa hisabati, jamani! Mkononi alikuwa na mkataba wa shule moja ya South Dakota, kwa viza ya J-1, ile ya muda ya mpango wa kubadilishana walimu, na alikuwa ameshatangazia ukoo mzima. Kazi yangu ni kukaa na walimu wa Kenya kabla hawajatia sahihi mikataba ya kufundisha Marekani, tukapiga hesabu ya kitakachobaki mfukoni mwezi wa Novemba, theluji ikiwa nje. Sentensi hiyo ya "ni mashambani tu" nimeshaisikia mara nyingi mno, na leo naiandikia jibu ili kuanzia kesho niwe nikituma kiungo badala ya kukausha koo.

"Jimbo la mashambani ni nafuu, kwa hiyo mshahara mdogo unatosha"

Dhana hii hatukuibuni sisi. Wenyeji wa South Dakota wameishi nayo kwa miongo mingi. Walimu wao walikuwa mkiani mwa orodha ya mishahara ya nchi nzima mwaka baada ya mwaka, na kila walipolalamika waliambiwa kwamba huku maisha ni nafuu, kwa hiyo mwishowe wote wanatoka sawa.

Hawatoki sawa. Chama kikubwa cha walimu cha Marekani, NEA, kiliweka wastani wa mshahara wa mwalimu wa nchi nzima mwaka wa shule wa 2023-24 kuwa dola 72,000 na kitu. South Dakota ilikuwa dola 56,000 na kitu. Hilo ni pengo la asilimia 22. Sasa njoo upande wa bei. Serikali kuu ya Marekani hupima kiwango cha bei katika kila jimbo, na wastani wa nchi huandikwa 100. South Dakota huwa inacheza karibu na 88. Yaani maisha ni nafuu kwa asilimia 12 hivi, lakini mshahara uko chini kwa asilimia 22. Ukichukua ile 72,000 ukaipunguza kwa unafuu wote wa jimbo, unapata dola 63,000 na ushei. Mwalimu wa pale anapata 56,000. Zile 7,000 zilizobaki hazifidiwi na bei ya kitu chochote dukani. Ni zaidi ya dola 580 kila mwezi.

Hata hiyo 88 nayo ni chungu cha mchanganyiko, na mpaka uchungulie ndani hujui unakula nini. Kinachoivuta namba hiyo chini ni kodi ya nyumba. Kweli nyumba South Dakota ni za bei ya chini ukilinganisha na California au New York, sibishi. Bidhaa je? Ziko karibu na wastani wa nchi. Gari la Toyota halijui kwamba limeuzwa kijijini. Simu, tairi, dawa, kompyuta, tiketi ya ndege ya kwenda Nairobi, vyote havishuki bei kwa sababu wewe umezungukwa na mashamba ya mahindi. Tena tiketi hupanda, maana unaanzia uwanja mdogo na kuunganisha ndege mara mbili kabla hujaivuka bahari.

Jambo hili walimu wa Kenya mnalijua kuliko Wamarekani, na ndiyo maana nakasirika. Chukua hati yako ya mshahara ya TSC, tume inayowaajiri walimu wa umma Kenya, uisome polepole. Marupurupu ya nyumba ya mwalimu wa mashambani ni madogo kuliko ya mwalimu wa Nairobi. Sawa, kodi ya nyumba ni ndogo. Lakini mwalimu aliyepelekwa Turkana, Wajir au Mandera anaongezewa marupurupu ya mazingira magumu. Kwa nini? Kwa sababu sabuni iliyofika Mandera imesafiri, maji ni ya kununua, hospitali iko mbali, na ukitaka kutoka unatoka kwa gharama. Mwajiri wako mwenyewe amekuandikia mistari miwili tofauti kwenye karatasi moja: nyumba inashuka bei, mengine yanapanda. Halafu unapanda ndege na kuusahau ule mstari wa pili!

South Dakota ina ukubwa wa kama theluthi moja ya Kenya, na watu wake wote hawafiki milioni moja. Kutoka Sioux Falls upande wa mashariki hadi Rapid City upande wa magharibi ni kilomita 560 hivi. Katikati kuna miji midogo yenye duka moja la vyakula, na duka moja halina wa kushindana naye. Matatu hakuna. Bodaboda hakuna. Gari si anasa pale, ni kama viatu. Bila gari huendi kazini, hupati maziwa, humfikii daktari wa meno. Na gari lina mambo yake: bima kwa lazima ya sheria, tairi za majira ya baridi, na kifaa cha kupasha injini usiku, kwa sababu halijoto hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, na asubuhi injini inakutazama tu. Wewe ni mgeni, huna historia yoyote ya mikopo nchini humo, kwa hiyo mkopo wa gari utapewa kwa riba ambayo sacco yako ingeona haya kukutajia.

Kuhusu nyumba pia, bei ya chini si kitu kama nyumba yenyewe haipo. Miji mingi midogo ina uhaba wa nyumba za kupanga, na zilizopo ni kuukuu na zinapitisha upepo. Mahali ambapo bomba la gesi halijafika, nyumba hupashwa joto kwa gesi ya propani inayoletwa kwa lori na kujazwa kwenye tangi la uani. Bili ya Januari ndiyo hula ile nafuu ya kodi uliyojivunia Agosti. Baadhi ya shule, hasa kwenye maeneo ya Wenyeji wa Asili wa Marekani, zina nyumba za walimu kama tulizozizoea huku. Ukipewa hiyo, shukuru, kisha uulize kwa maandishi nani analipa gesi.

Ushauri wangu, ambao wateja wangu wameuchoka: usiniulize kama mshahara ni mzuri. Niletee vitu vitatu. Jedwali la mishahara la wilaya ya shule yenyewe, karatasi ya makato ya bima ya afya, na bili ya joto ya Januari ya mtu anayeishi mji huohuo. Bila hivyo tutakuwa tunapiga porojo.

"Dola 45,000 mara 129, mimi ni milionea"

Ndiyo, ni shilingi milioni 5.8 kwa mwaka, karibu 484,000 kwa mwezi. Ila hutazitumia Kakamega. Utakachopima kwa shilingi ni kile unachotuma nyumbani tu. Vingine vyote vipime kwa dola, mahali vinapolipwa.

Na usiitaje 45,000 kana kwamba kila mwalimu amekuwa akiipata. Ni kima cha chini kilichowekwa na sheria ya jimbo iliyopitishwa 2024, na tarehe yake ya kuanza ni Julai 1, 2026. Jimbo kutunga sheria ili mwalimu asilipwe chini ya hapo kunakueleza wengine walikuwa wapi.

"South Dakota haina ushuru"

Haina ushuru wa mapato wa jimbo. Wa serikali kuu uko palepale. Na jimbo lisilokata mshahara hukungoja dukani: ushuru wa mauzo wa jimbo ni asilimia 4.2, miji mingi huongeza 2 yake, na tofauti na majimbo mengi, hapa hata unga, mayai na mboga hutozwa. Wapiga kura waliletewa pendekezo la kuliondoa hilo Novemba 2024, wakalikataa. Kikapu cha dola 100 unakilipia dola 106 na senti 20. Ushuru wa namna hii humwuma zaidi mwenye mshahara mdogo, kwa kuwa yeye karibu kila senti yake inaishia dukani. Isitoshe, Wyoming jirani yake haina ushuru wa mapato vilevile, nayo huwalipa walimu zaidi. Basi hoja hiyo tuizike.

Hapa ndipo wenye J-1 hujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwalimu wa J-1 katika miaka yake miwili ya kwanza ya kalenda huhesabiwa si mkazi kwa mambo ya ushuru. Hilo lina raha na karaha. Raha ni kwamba hakatwi ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya uzeeni. Karaha ni kwamba haruhusiwi lile punguzo la kawaida ambalo mwenzake Mmarekani hulitoa kwenye mapato kabla ya kutozwa ushuru, na Kenya haina mkataba wa ushuru wa mapato na Marekani wa kumwokoa. Kwa mshahara wa 45,000 bado raha inazidi.

Ila sikiliza neno "kalenda". Ukifika Agosti 2026, ile miezi mitano ya mwisho wa mwaka inahesabiwa mwaka mzima. Mwaka wa pili ni 2027. Januari 2028, miezi 17 tu tangu ushuke ndege, makato ya ile asilimia 7.65 yanaanza: dola 287 hivi kila mwezi kwa mshahara huo. Nimepigiwa simu usiku wa manane na watu wanaolia kwamba shule imewaibia. Haijawaibia. Mwezi huohuo jaza upya fomu ya W-4, inayomwelekeza mwajiri akukate ushuru kiasi gani, kwa kuwa sasa lile punguzo la kawaida ni haki yako, na litakurudishia zaidi ya nusu ya maumivu. Kinyume chake nacho hutokea: mhasibu wa shule ndogo ambaye hajawahi kumwona mtu wa J-1 anakukata kuanzia mwezi wa kwanza. Kagua hati yako ya kwanza kabisa na umwendee mapema, kwa upole, ukiwa na karatasi mkononi.

"Wanalipwa miezi 12 na kufanya kazi 9"

Wanalipwa kazi ya miezi 9 au 10, iliyogawanywa vipande 12. Ni pesa zao wenyewe wanazocheleweshewa. Ndiyo sababu utawakuta wengi kiangazi wakihudumu mikahawani au wakipaka rangi nyumba za watu. Wewe wa J-1 huruhusiwi kwenda kutafuta kibarua popote upendapo. Viza imekufunga kwenye kazi iliyokuleta. Na kipande cha kwanza mara nyingi hakifiki kabla ya Septemba. Fika na pesa za kukutosha miezi miwili, na si za mkopo wa shailoki.

"Gavana ndiye anayewanyima"

Gavana na bunge huamua ukubwa wa fungu. Bodi ya shule ya kila wilaya ndiyo huamua jedwali la mishahara. Hakuna TSC pale, wala hakuna ngazi moja ya mshahara kwa jimbo zima. Wilaya mbili zinazopakana zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya dola. Kwa hiyo mwenzako aliyeko wilaya nyingine akikwambia analipwa kiasi gani, amekuhadithia habari zake tu. Mgomo nao usiuwaze, sheria ya jimbo inaukataza kwa watumishi wa umma.

"Si walirekebisha 2016?"

Walijaribu, na kwa jimbo linalochukia ushuru lilikuwa jambo kubwa. Gavana Dennis Daugaard aliunda jopo kazi 2015, na mwaka uliofuata bunge likapandisha ushuru wa mauzo kwa nusu senti, kutoka asilimia 4 hadi 4.5, kwa lengo la kufikisha wastani wa mshahara wa walimu dola 48,500. Jimbo lilitoka mkiani likapanda nafasi chache. Majimbo mengine hayakusimama kulingoja, bei hazikusimama, na 2023 ushuru uleule ukapunguzwa hadi 4.2. Leo bado liko upande wa chini wa orodha.

Yule mwalimu wa hisabati alinitumia ujumbe jana. Jedwali la mishahara amelipata. Nyumba ya shule ipo, vyumba viwili. Gesi ya propani ni juu yake, na hakuna aliyekuwa amemwambia mpaka alipouliza. Sasa ameomba shule imtafutie bili ya Januari iliyopita, na ameahirisha kusaini hadi Ijumaa.