Umeme wa gesi Kinyerezi: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

"Gesi ya Kinyerezi ndo hii hii ya mtungi." Hapana jamani, hii naisikia kila siku na inaniuma, mtungi ukipanda bei watu wanaanza kulaumu gesi ya Mtwara. Ya mtungi ni propeni na buteni, inakuja na meli kutoka nje. Inayochomwa kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar, ni methani, inatoka Songo Songo kule Lindi na Mnazi Bay kule Mtwara, inasafiri kwenye bomba mpaka Dar, na toka Mtwara ni kama kilomita 500.

"Haina moshi, kwahiyo ni safi." Nusu kweli. Haina majivu kama makaa ya mawe na kwa umeme uleule inatoa karibu nusu ya kaboni dayoksaidi ya makaa, sawa, lakini nusu sio sifuri. Alafu kuna kitu watu hawakisemi kabisa: methani ikivuja kabla haijaungua, ndani ya miaka 20 inaongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, yani bomba na valvu zikiachwa bila kukaguliwa ile faida yote juu ya makaa inaweza kupotelea njiani.

"Mitambo ya gesi yote sawa tu." Sio sawa. Kinyerezi II, ile ya megawati 240, joto linalotoka kwenye turbaini, yani ile mashine inayozungushwa kutoa umeme, haliachwi liende hewani, linachemsha maji na mvuke wake unazungusha turbaini nyingine, gesi ileile umeme zaidi. Mi naona mitambo isiyo na mfumo huu ndo ya kushughulikia kwanza.

"Bwawa la Nyerere limekamilika, gesi izimwe." Megawati 2,115 za umeme wa maji ni nyingi sana, ila mto Rufiji unaojaza bwawa hilo unategemea mvua, na 2022 mvua zilivyogoma mabwawa yakashuka tukaingia kwenye mgao, mnakumbuka wenyewe. Gesi haisubiri masika.

"Sola haifai, usiku hakuna jua." Hapa ndo watu wanakosea zaidi, wanaiangalia sola peke yake. Mradi wa sola wa Kishapu kule Shinyanga umepangwa kufika megawati 150, sasa mchana jua likifanya kazi unapunguza maji yanayopita kwenye turbaini za bwawa, yanabaki bwawani, jioni watu wamerudi wamewasha tivii na pasi ndo unayaachia, gesi unaiwasha pale tu maji na jua vyote vimepungua.