Antibiotiki kwenye chakula cha nguruwe: maswali na majibu

Je, ni kweli antibiotiki humkuza nguruwe?

Humkuza, ila si kama zinavyosifiwa. Faida huonekana zaidi kwa watoto walioachishwa kunyonya karibuni, ambao huharisha upesi. Nguruwe aliyefikia kunenepeshwa huongeza asilimia chache tu, na kwenye banda safi lenye hewa ya kutosha ongezeko hilo karibu halionekani.

Kwa nini usafi ubadilishe matokeo?

Dawa hizi hupunguza bakteria wa utumbo wanaogombea chakula na mnyama, na pia huaminika kutuliza uvimbe wa utumbo unaomla nguvu. Penye uchafu na msongamano ndipo zinapopata kazi. Nasema wazi: mara nyingi huwa zinaficha kasoro za banda.

Lakini dozi yenyewe ni ndogo. Hofu ya nini?

Udogo huo ndio hatari. Dozi ndogo inayolishwa kila siku kwa wiki nyingi huangamiza bakteria dhaifu, wale sugu wakabaki kuzaliana. Tena bakteria hupeana jeni za usugu, hata wa aina tofauti. Kolistini ni dawa ambayo madaktari huikimbilia nyingine zikishindwa, nayo ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha nguruwe nchini China. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwa wamekuta huko jeni inayohama, mcr-1, inayowapa bakteria usugu dhidi yake. Ilikuwa kwa nguruwe, kwenye nyama mbichi na kwa wagonjwa hospitalini. China iliacha kuitumia kolistini kukuzia mifugo mwaka 2017.

Nikiipika nyama ikaiva vizuri, si yamekwisha?

Moto huua bakteria, wakiwemo sugu. Ila wao hupita pia kwenye kisu na ubao wa kukatia, kwenye buti, samadi na maji. Aina moja ya bakteria sugu, MRSA CC398, hukaa puani mwa watu wanaohudumia nguruwe. Kwa hiyo mfugaji na watu wa nyumbani kwake ndio walio karibu zaidi na hatari, na hilo halisemwi vya kutosha.

Nchi zilizoacha kukuzia nguruwe kwa antibiotiki, nguruwe wao walidumaa?

Hapana. Uswidi iliacha mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2006. Denmark iliacha kuwapa nguruwe wakubwa dawa hizo mwaka 1998, na ukuaji wao haukuyumba sana. Taabu ilikuwa kwa watoto: kuhara kuliongezeka, na matumizi ya dawa za tiba yakapanda. Kilichosaidia ni kuchelewa kuachisha kunyonya, kuboresha chakula, na kuosha banda kabla ya kuingiza kundi jipya.

Na nguruwe akiugua kweli?

Atibiwe, tena kwa dozi kamili aliyoandika daktari wa mifugo. Zihesabu siku za kusubiri zilizo kwenye lebo kabla ya kumchinja. Mtie alama na uandike tarehe ya dozi ya mwisho, maana mnunuzi akija ghafla ndipo watu husahau.