Je, wajua kwa nini Spika huweza kufunga mjadala kabla wasemaji hawajaisha?

Ukifuatilia Bunge la Tanzania wakati wa bajeti, hufika mahali Mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likikaa kama kamati, akatangaza kuwa muda umekwisha, tunaingia kwenye gilotini. Kuanzia hapo hakuna tena kuuliza wala kufafanua. Katibu anasoma vifungu, wabunge wanaitikia "ndiyo", kimoja baada ya kingine.

Asili yake ni Bunge la Uingereza, ambalo kwa karne nyingi halikuwa na njia ya kumkatisha msemaji aliyefuata kanuni. Waliogundua nguvu iliyomo humo ni wabunge wa Ireland, nchi iliyokuwa chini ya Uingereza wakati huo, wakiongozwa na Charles Stewart Parnell. Kwa kura wasingeshinda, maana walikuwa wachache. Lakini kura haipigwi mpaka mjadala uishe, basi wakaamua usiishe.

Januari 1881 serikali ya William Gladstone ilileta muswada wa kuruhusu watu wa Ireland wakamatwe na kuwekwa ndani bila kesi. Kikao kilianza Jumatatu tarehe 31, saa 10 jioni. Wabunge wale wakapokezana kusema usiku kucha, kesho yake kutwa, na usiku mwingine tena. Jumatano asubuhi, saa 41 zikiwa zimepita, Spika Henry Brand alirudi kitini, akamkatisha Joseph Biggar aliyekuwa akizungumza, akasema hadhi ya Bunge imo hatarini, akaamuru kura ipigwe. Hakuna kanuni iliyompa ruhusa hiyo. Kanuni ilikuja kuandikwa 1882.

Sababu ya kufunga mjadala, basi, si kwamba watu wamekubaliana. Ni kwamba mazungumzo yasiyo na mwisho nayo ni uamuzi: wachache wanashinda bila kuhesabiwa. Hapo naona Brand alikuwa na haki. Ila kuhusu sheria yenyewe, waliokuwa na haki ni wale alionyamazisha. Oktoba mwaka uleule Parnell alikamatwa kwa sheria hiyohiyo, akatiwa gereza la Kilmainham, Dublin, bila kufikishwa mahakamani. Inauma kulifikiria hilo.

Ndiyo maana mlango huo wa kufunga mjadala huko London umewekewa makufuli mawili. Spika hulikataa ombi la kufunga mjadala akiona wachache wanaonewa. Na akilikubali, likipigiwa kura lazima liungwe mkono na wabunge wasiopungua 100. Seneti ya Marekani ni ngumu zaidi: kwa miswada mingi inataka kura 60 kati ya 100.

Gilotini ya bajeti haina subira hiyo, inakwenda na saa. Mbunge mwenye kilio cha maji au zahanati jimboni kwake analijua hilo, kwa hiyo huwahi kwenye kifungu cha mshahara wa waziri, anasimama na kutangaza kwamba anashika shilingi, yaani anazuia mshahara huo usipitishwe, mpaka apate majibu.