Nyuzi nane, kore moja: kerneli inaona nini?

Wiki jana kijana ninayefanya naye kazi hapa Kampala aliniita mezani kwake. Programu yake ya Python, inayopiga hesabu za riba za wanachama wa sacco, alikuwa ameigawa katika nyuzi nane (threads, yaani mikondo ya kazi ndani ya programu moja) kwenye mashine yenye kore nane (vitengo vya prosesa vinavyofanya kazi sambamba), na kasi haikubadilika hata kidogo. "Mkubwa, hii mashine ni mbovu?" Nikamwambia aandike `top -H`, amri inayoonyesha kila uzi unatumia prosesa kiasi gani. Ikatokea mistari minane, kila mmoja ukicheza kwenye asilimia 12 ya kore. Ukijumlisha, ni kazi ya kore moja.

Maktaba ya nyuzi ndiyo unayoiita wewe. Anayezipeleka nyuzi kwenye prosesa ni kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, nayo hupeleka zile inazozijua tu. Java ya mwanzoni ilikuwa na nyuzi za kijani zilizoishi ndani ya programu: ukianzisha mia, kerneli inaona uzi mmoja. Ni kama muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa Wandegeya hapa Kampala: hushika oda nne kwa pamoja, huku anageuza chapati, huku anapiga mayai. Mwongezee sigiri tatu. Kama yuko peke yake, foleni haitapungua.

Kwenye Linux, kwa NPTL, maktaba ya nyuzi iliyokuja pamoja na kerneli 2.6 mwaka 2003, kila uzi unaouanzisha kwa `pthread_create` una uzi wake wa kerneli. IBM walikuwa wakijenga maktaba nyingine, NGPT, ya kupanga nyuzi nyingi za programu juu ya chache za kerneli, wakaiacha. Naona walifanya vyema: wagawa zamu wawili wasioonana, mmoja kwenye programu na mwingine kwenye kerneli, husumbuana. Hata hivyo lugha ya Go imeufufua mpango huo na kuufanikisha, kwa kuwa gorutini, uzi mwepesi wa Go, huanza na kilobaiti 2 tu za staki (kumbukumbu yake ya kazi). Lakini hadi toleo la 1.5 la mwaka 2015, bila kuiambia, Go nayo ilitumia kore moja.

Sasa nyuzi za kijana wetu kerneli ilizijua zote nane, ndiyo maana `top` ilizionyesha. Zilikuwa zikipokezana kufuli moja la ndani ya Python, GIL, linaloruhusu uzi mmoja tu kutekeleza kodi ya Python kwa wakati. Angekuwa anasubiri majibu ya mobile money kutoka mtandaoni, zingemfaa sana, kwa sababu uzi unaosubiri huliachia kufuli. Hesabu tupu haisubiri chochote.

Tukahamia `multiprocessing`, maktaba ya Python inayoanzisha michakato (programu zinazojitegemea) badala ya nyuzi: michakato minane, kila mmoja na kufuli lake. Mistari ikapanda hadi karibu asilimia 100 kila mmoja, na feni ikaanza kuvuma.