Je, wajua kwa nini wasichana wa P6 (darasa la sita) huwapita wavulana kwa urefu?

Fika kwenye shule yoyote ya msingi hapa Arua, Uganda, asubuhi, watoto wakiwa wamepanga mstari. Wa P1 wanalingana, wavulana kwa wasichana. Ukifika P6 na P7 mambo yamegeuka: wasichana wengi wamewaacha wavulana chini, na kijana wa miaka 12 anaongea na binti wa rika lake akiwa ameinua shingo. Wazazi wa kijana huanza kuulizana, mtoto wetu ana nini?

Hana kitu. Mwili haukui kwa mwendo mmoja. Mtoto huzaliwa na sentimita 50 hivi, na ndani ya mwaka wa kwanza huongeza kama 25. Kasi hiyo hairudi tena maishani. Baadaye hupungua hadi sentimita 5 au 6 kwa mwaka, ikaendelea hivyo hadi balehe.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, mvulana kati ya 9 na 14. Tena msichana hurefuka mapema, balehe ikiwa bado changa, ilhali mvulana hurefuka ikiwa imeshakolea. Kwa hiyo binti hufikia kilele karibu na miaka 12, akiongeza kama sentimita 8 kwa mwaka. Mvulana hufikia chake karibu na 14, akiongeza kama 9. Nyayo hutangulia, ndiyo maana viatu vilivyonunuliwa Februari vinabana kufikia Juni.

Mbona basi mwishowe wanaume huwa warefu zaidi? Mifupa mirefu hukulia karibu na ncha zake, penye tabaka la gegedu, yaani mfupa mlaini usiokomaa. Homoni ya estrojeni huisukuma mifupa irefuke, kisha hiyohiyo huligeuza gegedu kuwa mfupa mtupu, na kurefuka kukaisha. Hata kwa wavulana ni hivyo, kwa kuwa sehemu ya testosteroni yao, homoni ya kiume, hugeuka estrojeni. Binti akishavunja ungo, kwa kawaida hubakiwa na sentimita chache tu. Mvulana amekuwa akikua polepole miaka 2 zaidi kabla ya kuchomoka, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya tofauti ya wastani wa sentimita 13 kati ya watu wazima.

Chakula nacho kina nguvu yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 Uganda wamedumaa. Posho tupu, yaani ugali wa mahindi, hujaza tumbo lakini haijengi mfupa; mtoto anahitaji maharage, mukene (dagaa), mayai, maziwa.

Ila linaloniuma zaidi ni hili. Binti akirefuka, majirani huanza kusema ameshakuwa mtu mzima, na wapo wanaoanza kuhesabu mahari. Katiba yetu ya 1995 imeweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima hatari na kufanya maamuzi, huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25. Urefu umetangulia mbali, akili ingali njiani. Mtazame wakati wa mapumziko: amempita mama yake kimo, na bado anagombea zamu ya kuruka kamba.